Vipuri vya magari vilivyotumika

Vipuri vya magari vilivyotumika (pia: spea za mtumba, spea kuukuu) ni sehemu zilizofunguliwa kutoka kwenye gari moja, kwa kawaida gari bovu, lililopata ajali au lililochakaa, ili zifungwe kwenye gari jingine. Kazi ya kulifungua gari zima kwa ajili ya kuuza sehemu zake huitwa na mafundi wengi wa Tanzania kuchinja gari. Mahali ambapo magari ya namna hiyo hukusanywa huitwa yadi ya magari mabovu. Mabaki yasiyo na kazi tena huitwa skrepa au chuma chakavu.

Biashara hiyo ipo duniani kote. Katika Afrika Mashariki ina uzito wa pekee, kwa sababu magari mengi huingia yakiwa yametumika tayari nchini Japani au kwingineko, na spea mpya halisi huweza kugharimu kuliko uwezo wa mwenye gari. Spea ya mtumba inaweza kurudisha barabarani gari la kumlisha mtu na familia yake, na ikichaguliwa vibaya inaweza kuwaua abiria.

Mahali pake katika Mkoa wa Mara

Mkoa wa Mara uko kaskazini mwa Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria, na makao makuu yake ni Musoma. Barabara kuu kutoka Mwanza hupita Bunda, kisha Makutano, na kuendelea hadi Tarime na mpaka wa Sirari, ambako inaingia Kenya upande wa Isebania. Musoma hufikiwa kwa njia inayochepuka kwenda ziwani. Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, iko ndani kidogo, mashariki ya barabara hiyo.

Wilaya kama Butiama ni za wakulima na wafugaji. Usafiri wake hutegemea Hiace, Noah, malori madogo, pikipiki, na magari madogo ambayo watu wa Kanda ya Ziwa huyaita michomoko. Gari la namna hiyo likiharibika giaboksi, mwenye gari hana njia nyingi: kuagiza kipuri kwa basi kutoka Mwanza au Dar es Salaam, kutafuta Musoma au Bunda mjini, au kumwendea mtu mwenye gari la aina ileile lililosimama uani kwa miaka. Ndiyo maana gari bovu kijijini halitupwi. Linasimama juu ya mawe, likipungua kidogo kidogo: leo taa, kesho stata, mwakani difu, mpaka bodi peke yake inabaki kuwa banda la kuku.

Historia

Magari yaliyokuwa yakionekana zaidi Tanganyika wakati wa uhuru, mwaka 1961, yalikuwa ya Uingereza na Ulaya: Land Rover, Bedford, Leyland, Peugeot na Volkswagen. Spea zake ziliingizwa na makampuni yenye uwakala wa viwanda.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1970. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda sana kuanzia 1973, na fedha za kigeni zikapungua. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Kwa mkoa uliopakana na Kenya kama Mara, kufungwa huko kulikata njia ya karibu kabisa ya bidhaa za viwandani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliongeza mzigo juu ya magari na mafuta ya nchi nzima. Malori yalisimama kwa kukosa beringi au mpira wa breki. Mafundi walijifunza kuchukua kipuri kutoka lori moja ili mengine mawili yatembee, kuchonga bushi kwenye mashine ya tona, na kukirudishia kifaa kilichokwisha uzima wake kwa kukichomelea.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa. Katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yalianza kuingia kwa wingi, hasa Toyota. Pamoja nayo zilikuja spea za mtumba: injini, giaboksi, milango na hata magari yaliyokatwa nusu. Dubai na Sharjah katika Falme za Kiarabu zikawa vituo vikubwa vya biashara hiyo kati ya Asia na Afrika.

Leo soko linalojulikana zaidi Tanzania liko Dar es Salaam, katika maeneo ya Gerezani, Kariakoo na Ilala. Nairobi kuna maduka ya Barabara ya Kirinyaga na mafundi wa jua kali. Kampala kuna Kisekka. Afrika Magharibi inajulikana kwa Suame Magazine mjini Kumasi, Ghana, na soko la Ladipo mjini Lagos, Nigeria.

Vyanzo vya vipuri

Vipuri vilivyotumika hupatikana kwa njia nne kuu:

1. Magari yaliyopata ajali. Gari lililopinda chesesi halifai tena kutembea, lakini lililogongwa mbele huweza kuwa na difu, milango ya nyuma na viti vizima kabisa.

2. Magari yaliyochakaa. Haya ni magari ambayo gharama ya kuyatengeneza imezidi bei yake. Magari na mitambo chakavu ya serikali na mashirika huuzwa kwa mnada wa hadhara, na wanunuzi wengi huwa ni wachinjaji wa magari.

3. Vipuri kutoka nje. Hivi vilifunguliwa Japani, Falme za Kiarabu au Ulaya, vikasafirishwa kwa kontena.

4. Wizi. Taa, vioo vya pembeni, redio na vifaa vya umeme huibwa kwenye magari yaliyoegeshwa na kuuzwa tena. Chanzo hiki ni haramu, na kimeelezwa zaidi hapa chini.

Hesabu ya mchinjaji ni rahisi. Gari zima lililokufa injini lina mnunuzi mmoja tu, naye atataka bei ndogo. Likifunguliwa lina wanunuzi hamsini, kila mmoja akihitaji kitu chake. Jumla ya bei za vipande huzidi bei ya kizima, ila fedha huja polepole, na baadhi ya vipande havipati mnunuzi kamwe.

Jinsi gari linavyochinjwa

Kazi hufuata mpango, na kila hatua ina sababu yake.

Kwanza hufunguliwa betri, ukianza na waya wa hasi. Fundi akianza na chanya na spana yake ikagusa bodi, umeme hupita mara moja na cheche hutokea. Palipo na mvuke wa petroli cheche moja inatosha kuwasha moto. Katika magari yenye mifuko ya hewa, fundi husubiri dakika kadhaa baada ya kuondoa betri, kwa kuwa mfumo huo hutunza umeme kwa muda.

Pili hutolewa vimiminika: petroli au dizeli, oili ya injini, oili ya giaboksi, maji ya redieta na mafuta ya breki. Kila kimoja huwekwa chombo chake. Petroli huwekwa mbali na sehemu ya kuchomelea.

Tatu hufunguliwa vitu vyepesi na vinavyovunjika: taa, vioo, dashibodi, redio na kontroboksi. Waya hazikatwi ovyo. Soketi ikichomolewa nzima pamoja na kipande cha waya, mnunuzi ataifunga bila kuunganisha upya, na kipuri kitapata bei nzuri zaidi. Fundi mwangalifu huandika kwenye kipande cha karatasi ya gundi au hupiga picha kabla ya kuchomoa.

Nne hushushwa injini na giaboksi kwa winchi, kisha miguu, difu na propela. Gari hukalishwa juu ya vigogo au stendi imara. Kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake ni miongoni mwa makosa yanayoua mafundi: jeki huteleza au hupoteza presha bila onyo. Springi za mviringo hubanwa kwa kifaa chake kabla ya kufunguliwa, kwani ikifyatuka inaweza kuvunja taya.

Tano, bodi iliyobaki hukatwa na kuuzwa kwa kilo.

Magari yenye mota ya umeme pamoja na injini, kama Toyota Prius na Aqua, yana hatari ya pekee. Betri yake kubwa ina volti kati ya 100 na zaidi ya 200, na nyaya zake hufunikwa kwa rangi ya chungwa. Fundi asiyefunzwa hapaswi kuzigusa.

Kulinganisha kipuri na gari

Kosa la kawaida la mnunuzi ni kutaja jina la gari pekee. Jina moja huweza kubeba injini tatu au nne tofauti. Kilicho muhimu ni kibati kilichopigwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huonyesha hapo namba ya fremu, yenye herufi za modeli mwanzoni, pamoja na aina ya injini, rangi, na aina ya giaboksi. Kwa mfano, herufi NCP51 huonyesha aina mojawapo ya Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,500. Injini hiyohiyo imefungwa pia kwenye aina kadhaa za IST, Raum na Spacio. Ndiyo maana magari hayo yamekuwa mengi vijijini: moja likifa, mengine huishi kwa viungo vyake.

Upande wa usukani nao ni muhimu. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, na usukani huwa kulia, kama Japani. Rwanda, Burundi, Kongo na Falme za Kiarabu huendesha kulia. Injini ya gari la Dubai inaweza kukaa vizuri kwenye gari la Musoma, lakini dashibodi, mfumo wa usukani na mikono ya waipa havilingani. Taa za mbele ndizo hudanganya zaidi. Zinaingia sawasawa na kuwaka, ila mwanga wake wa chini umeelekezwa upande wa kulia, yaani machoni mwa dereva anayekuja. Mwenye gari haoni kasoro yoyote. Anayeumia ni mwenzake.

Kupima kabla ya kununua

Injini. Kifuniko cha oili kikifunguliwa na kuonekana utando mweupe kama maziwa, maji yameingia kwenye oili, na huenda gaskiti ya silinda hedi imeungua au hedi imepasuka. Krenki huzungushwa kwa mkono, ikigoma, imejama. Kipimo cha mgandamizo huonyesha kama silinda zote zina nguvu inayokaribiana. Injini iliyo bado ndani ya gari na inayoweza kuwashwa ina thamani zaidi kuliko iliyolala chini.

Giaboksi ya otomatiki. Mafuta mazuri kwa kawaida huwa mekundu. Yakiwa meusi na yakinuka kuungua, klachi za ndani zimekwisha.

Alteneta. Ikifungwa kwenye gari na injini ikiwa inanguruma, kipimo kwenye betri hupaswa kuwa karibu volti 13.5 hadi 14.5.

Diski za breki. Nyingi zimepigwa namba ya unene wa mwisho unaoruhusiwa. Diski iliyofika chini ya namba hiyo ni chuma chakavu, hata kama inang'aa.

Matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka hupasuka hata kama kashata zake bado ni nzito, kwa sababu mpira hukauka na kupata nyufa.

Vipuri vinavyofaa na visivyofaa

Sehemu za bodi, milango, boneti, bampa, vioo, viti, rimu, difu, propela, stata na alteneta zinaweza kutumika tena bila hofu kubwa zikiwa nzima.

Vitu vinavyoisha kwa kusuguana au kuzeeka havifai kununuliwa vikiwa vimetumika: brekishu na padi, mipira ya breki, mkanda wa taimingi, gaskiti, filta, boljointi na tairodi endi. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hautii tena. Tofauti ya bei kati ya mpya na ya mtumba ni ndogo mno kulinganisha na hatari hiyo, hasa kwa gari linalobeba abiria.

Mikanda ya viti iliyokwisha kuzuia mtu katika ajali hudhoofika nyuzi zake. Mifuko ya hewa ni hatari zaidi. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani iligundulika kuwa baadhi yake hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma, hasa baada ya miaka mingi katika joto na unyevu. Ilirudishwa viwandani kwa makumi ya mamilioni duniani. Mfuko wa hewa uliofunguliwa kwenye gari bovu hauna anayejua historia yake.

Mabaki

Karibu kila sehemu ya gari ina kazi nyingine. Aluminiamu ya bloku na pistoni husubuliwa kuwa sufuria. Kuiyeyusha upya huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza kutoka kwenye mawe yake. Chuma huenda kwenye viwanda vya nondo. Springi za bapa hufuliwa na wahunzi kuwa mapanga, visu na majembe, kwa kuwa chuma chake ni kigumu na hushika makali. Ekseli na magurudumu hutengenezewa mikokoteni ya ng'ombe. Matairi hukatwa kuwa makatambuga, na tyubu kuwa kamba za kufungia mizigo.

Masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, yana madini ya thamani ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa sababu hiyo hununuliwa kwa bei kubwa, na pia huibwa. Mwenye gari anayekubali yatolewe hupata fedha mara moja, lakini moshi wa gari lake huwa na sumu zaidi kwa watu wote walio nyuma yake.

Athari kwa afya na mazingira

Oili chafu ikimwagwa chini hupenya hadi kwenye visima, au husombwa na mvua. Katika miji ya kando ya ziwa kama Musoma, mwisho wa safari yake ni Ziwa Viktoria, ambalo ndilo chanzo cha maji na samaki.

Betri ndiyo mbaya kuliko vyote. Ina tindikali na risasi, madini yanayoharibu ubongo, hasa wa watoto, hata kwa kiasi kidogo. Mfano unaojulikana Afrika Mashariki ni Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Wakazi walikutwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama ya Kenya iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri mbovu haipaswi kupasuliwa nyumbani wala kuyeyushwa jikoni. Hurudishwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali.

Nchini Tanzania mambo haya husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wafanyabiashara wa chuma chakavu huhitaji kibali kinachopitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2000 linataka asilimia 95 ya uzito wa gari lililokufa irudishwe kwenye matumizi, na Japani ilianza kutekeleza sheria yake ya kurejeleza magari mwaka 2005.

Wizi na sheria

Kioo cha pembeni huibwa usiku, na kesho yake mwenye gari hupelekwa na dalali hadi dukani, ambako hununua kioo kinachofanana mno na chake. Ili kujikinga, watu wengi wa mijini huchora namba ya usajili kwenye vioo na taa. Kipuri chenye namba huwa kigumu kuuzika.

Kununua mali ukijua au ukiwa na sababu ya kujua kuwa ni ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Hii ndiyo faida ya risiti. Mnunuzi wa injini anahitaji risiti yenye namba ya injini na jina la muuzaji, kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Injini ikibadilishwa, badiliko hilo lapaswa kuandikishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Vinginevyo gari litaonekana na namba isiyo yake siku ya ukaguzi au ya kuuzwa. Vivyo hivyo, mchinjaji hupaswa kupokea kadi ya gari pamoja na gari lenyewe. Kadi na namba za gari lililokufa zikizagaa, huweza kuvishwa gari la wizi.

Mafunzo

Mafundi wengi hujifunza kazi gerejini, wakianza kwa kuosha vyombo na kushika tochi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa mwaka 1994, hufundisha ufundi wa magari na hupima pia mafundi waliojifunza mitaani ili wapate vyeti. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, huhudumia wahunzi, wasubu na wachomeleaji.

Fundi asiye na cheti anaweza kuwa hodari sana wa mkono. Kinachokosekana mara nyingi ni vipimo: unene wa diski, nguvu ya kukaza bolti, volti za alteneta. Kipuri cha mtumba hakina dhamana ya kiwanda. Dhamana yake pekee ni macho ya fundi aliyekikagua na uaminifu wake wa kusema "hiki hakifai" hata pale mteja anapobembeleza kwa sababu ya bei.

Tazama pia

Gari
Injini
Mkoa wa Mara
Butiama
Urejelezaji wa taka
Uhunzi